Daftari la Madeni

Mimi ni muuza zabibu, si mkimbiaji.
Viatu vya shemeji, vinanipwaya,
nimevijaza gazeti vidoleni.
Kifuani namba mia nne na tatu; pini moja imenichoma
kabla filimbi haijalia Uwanja wa Jamhuri.

Daftari limebaki kibandani, soko la Majengo.
Miaka yote limebeba ninaowadai na wanaonidai.
Wiki hii nililigeuza, nikaanzia nyuma:
Fundi Lechipya, elfu mbili kila kilomita.
Mama Masinga wa vitumbua, mia tano, akiuza.
Mwalimu Chidumizi, elfu kumi kwa mpigo,
"lakini umalize, Malogo. Umalize."

Kilomita ya kwanza nilicheka.
Ya tatu, upepo wa Agosti ukanilisha vumbi
la barabara ya Iringa, lote.
Ya tano, padri mmoja mnene akanipita
huku akinibariki.

Hapo nikarudi kwenye mizani, ndiyo hesabu ninayoijua.
Binti yangu alizaliwa wiki ya ishirini na tisa,
kilo moja na gramu mia:
vichala vitatu,
na mteja angesema, ongeza bwana, hii haijafika.
Sikuwa na cha kuongeza.
Nilimbeba kifuani, ngozi kwa ngozi, siku arobaini na moja,
muuguzi Mbeleje akinigombeza usiku:
usilale, baba, pumua naye.

Kipasha joto kilikuwa kimoja, watoto wawili.
Wetu upande wa dirisha.
Wa pili alikuwa wa kiume. Usiku wa nne
wakaja kutuambia tumsogeze wetu katikati,
nafasi ipo.

Kilomita ya saba, meza ya maji.
Mama wa yule mwingine alikuwa pale,
fulana ya njano kama wenzake, mkono umenyoosha kikombe.
Nilikipokea. Maji hayakushuka, wala neno halikupanda.
"Usisimame," akasema, "misuli itakaza."
Akatazama chini. "Na kamba hiyo ifunge."

Nikafunga. Nikaenda.

Nilipofika, geti la upepo lilikuwa limetolewa pumzi,
limelala kama ngozi ya ng'ombe inayoanikwa.
Vijana wanakunja viti.
Mwanangu, miaka minne, kilo kumi na tatu na nusu
(nampima kila Jumapili, siwezi kuacha)
hakupiga makofi.
"Baba, umekuwa wa ngapi?"
Sijui, nikasema.
"Wa mwisho," mama yake akasema, akanivua kiatu.

Jioni nikafungua daftari nianze kudai.
Chini ya jina la Mwalimu, kwa mwandiko nisioujua,
Nyemo,
jina ambalo usiku ule hatukuliuliza,
na mbele yake: zote kumi.
Noti zilikuwa zimebanwa pembeni kwa pini.

Sikupiga mstari. Deni likilipwa hupigwa mstari,
nimefanya hivyo maisha yangu yote.
Hili nimeliacha wazi.