Usukani wa Kulia

Bitaliho wa Mwanga hakodishi gari, anaozesha binti.
Alilizunguka mara tatu, tochi ya simu mkononi,
saa moja asubuhi, jua lipo,
na kila kovu akamtajia karani wake:
bampa, ufa wa zamani;
mlango wa nyuma, mkwaruzo, mbuzi wa Ujiji;
kioo cha pembeni, gundi.
"Andika yote. Yako kumi.
Likirudi na la kumi na moja, hilo lenu."

Laki na ishirini kwa siku, mafuta juu yetu.
Dhamana: kadi ya pikipiki ya mdogo wangu.
Barua ya ruhusa yenye mhuri wa wakili,
bima ya kuvukia mpaka, pembetatu mbili,
mtungi wa kuzimia moto
ambao muda wake ulikwisha kabla ya mama.

"Dhumuni la safari?" karani aliuliza.
Nikamtazama baba. Baba akatazama tairi la akiba.
"Matembezi," nikasema,
na neno likakaa kwenye fomu
kama mgeni aliyepewa kigoda kifupi.

Mwandiga. Michikichi. Lami inapanda kuelekea Manyovu,
gia ya tatu, ya pili, ya tatu.
Baba amepakata kofia yake.
Njia hii aliishuka mwaka wa sabini na mbili, usiku,
gunia la maharage kichwani, dada yake mgongoni.
Si njia hii hasa. Njia haikuwepo.
Alisema hayo tu, kisha akaomba nifungue dirisha.

Afisa wa mpakani akagonga mihuri, akainama:
"Dada, ng'ambo ya kamba wanaendesha kulia. Usisahau."
Kulia. Neno moja, kazi mbili.
Baba yangu anaijua ile ya mkono tu.

Kamba ikashushwa.
Gari la Bitaliho lina usukani wa kulia,
kwa hiyo mimi dereva nikageuka mtu wa mtaroni,
nasoma majani, nahesabu mawe.
Mbele yangu lori la mihogo, makalio yake yameziba milima,
na katikati ya barabara, mahali pa kuona,
ameketi baba.

Nikatoa pua ya gari, nikairudisha.
Nikaitoa. Nikairudisha.
Ndipo sauti ikatoka kushoto kwangu:
"Rindira."
Ngoja. Kwa lugha aliyoifungia kabatini
siku tuliyomzika mama.
"Rindira... rindira..."
Baiskeli tatu za ndizi zikateremka, wenyewe wakipiga mluzi.
"Genda!"
Nikaenda.

Hivyo hadi Mabanda na mbele yake,
mguu wangu, jicho lake.

Aliponiambia nisimame hapakuwa na nyumba.
Palikuwa na migomba, na msichana anaanika mihogo.
Baba aliuliza migomba ni ya nani.
"Yetu."
Akalipapasa shina moja polepole, chini hadi juu,
vile Bitaliho alivyopapasa bampa.
"Mmeitunza," akasema,
akarudi garini, akafunga mkanda mwenyewe.

Alasiri, Manyovu nyuma yetu, tukarejea kushoto.
Sasa naona barabara yote, simhitaji mtu.
Karibu na Mwandiga, trekta mbele.
"Rindira," baba akasema.
Barabara ilikuwa tupu hadi kwenye kona.
Nikangoja.

Bitaliho alizunguka tena mara tatu.
Makovu kumi, yale yale. Akaonekana kama aliyepunjwa.
Akafungua mlango wa kushoto:
zulia lote udongo mwekundu.
"Kuosha, elfu kumi."

Nilipomaliza kulipa baba alikuwa ameshatangulia,
kofia kichwani, viatu na tope lake,
anatembea taratibu kando ya lami,
upande wa kulia.