Mengineyo

Barabara ya Kirinyaga, juu ya duka la vipuri,
panda hadi ghorofa ya tatu. Usiguse ukuta, una grisi.
Mlango hauna jina. Jina liko ndani,
limechongwa kwenye kipande cha mbao: KOKWA.

Mwenye jengo alipokuja na daftari lake la kodi
aliuliza, "Mnauza nini?"
Nyanchama akamjibu, "Mashairi."
Akatazama chumba: mashine moja iliyozeeka mikononi mwa wengine,
gundi ikichemka kwenye sufuria ya ugali,
Musyimi na leso puani.
Kwenye safu ya Biashara akaandika: Mengineyo.

Leo ni mwaka wa kumi na mmoja. Nawasifu Mengineyo,
mimi mkata karatasi,
ambaye mshahara wa Machi, mwaka ule wa tatu, bado naudai.

Nakisifu kitabu cha Okwemba, bawabu wa kiwanda cha sabuni,
aliyetunga kwa safu, kama daftari la langoni:
jina, atokako, anayemwona, saa ya kuingia, saa ya kutoka.
Mvua ina ukurasa wake. Paka ana wake.
Ukurasa wa marehemu mkewe ni mtupu,
isipokuwa saa ya kutoka.
Nilikuwa na kisu mkononi. Nilikiweka chini.

Nakisifu cha Qabale, mkunga wa Eastleigh.
Aliandika, *Nimebeba mtoto tangu Isiolo.*
Musyimi, usingizi machoni, akaangusha herufi moja:
*Nimebeba moto tangu Isiolo.*
Nakala mia mbili, zote zimeshonwa!
Qabale akapanda ngazi na hasira yake,
akausoma mstari akiwa wima,
akausoma tena ameketi,
akaomba chai.
"Acheni hivyo hivyo," alisema. "Ndivyo ilivyokuwa."

Na kile chembamba, chenye uzi mwekundu.
Uzi mweupe ulituishia usiku, fundi wa chini akatupa alionao.
Waliokinunua ni watu kumi na wanne,
nami nawajua kwa sura.
Miezi baadaye, karibu na Soko la Muthurwa,
nikapewa njugu ndani ya ubeti wake wa kwanza.
Nikala njiani nikisoma, mafuta yakipenya maneno,
kisha nikarudi kununua njugu tena,
nitafute ubeti wa pili.
Sikuupata. Nilivimbiwa.

Usidhani tulikuwa mashujaa.
Tuligombana kuhusu koma. Tuligombana kuhusu stima.
Kuna mshairi tuliyempotezea mswada,
na hadi leo akipita upande huu, sote tunainama
kama tunaotafuta sindano.

Mwaka jana kodi ilitukaba.
Nyanchama akamwita mnunuzi wa karatasi kuukuu,
tukateremsha vitabu visivyouzika, mikono yetu ikinuka gundi.
Yule bwana akavipanga kwenye mizani yake,
akasubiri mshale utulie.
"Kumi na sita," akasema.

Nyanchama alicheka hadi akakaa kwenye ngazi.
"Mizani kumi na sita, Musyimi! Umesikia?
Nane ukwapi, nane utao. Haina guni!"
Mnunuzi akatutazama, akatazama mizani yake,
akaigonga kidogo kwa kidole.

Hatukuviuza.
Tulivipandisha tena, ghorofa zote tatu,
tukisahau kabisa habari ya ukuta.
Ukinunua kimoja leo, utaona alama nyeusi jaladani:
hilo ni bega langu.