Swali la Thelathini na Saba

Tulizikuta ghalani, chini ya ngazi za ofisi ya elimu,
karatasi za watoto wa miaka kumi na mmoja,
zimefungwa kwa katani, shule baada ya shule.
Panya walikuwa wamekwisha kula majina
tangu A hadi F.

Juni, mwaka wa thelathini na mbili.
Asubuhi moja Uskoti nzima
iliwainamisha watoto wake juu ya maswali yale yale.

Elspet Mutch, wa Torry, Aberdeen.
Alama ishirini na tisa kati ya sabini na sita.
Pembeni, kwa wino wa mwalimu, neno moja:
*Mzito.*

Nikamwandikia barua.
Akaja kwa basi, bibi wa miaka sabini na minane,
mkobani biskuti za shayiri, kichwani kofia ya sufu.
Akili ni nywele, na zake alizifunika.
"Mnataka kujua," akauliza, "kama nimepona?"

Nikamweleza nilivyofundishwa:
wapo wasemao akili ni moja,
kisima kimoja chini ya nyumba,
chota kwa hesabu, chota kwa maneno,
maji ni yale yale;
na wapo wasemao la, ni vyumba,
kila chumba na ufunguo wake,
fundi wa muziki aweza kulala nje
mlangoni pa hesabu.
Wengine wameigawa mara mbili:
ile ya majimaji, ya ujana, ipenyayo kila ufa,
na ile ya miaka, iliyokwisha kuganda.

Hapo akacheka.
"Kama mafuta ya samaki, Desemba."
Mama yake alipasua heringi bandarini,
vidole vimeviringwa vitambaa dhidi ya kisu na chumvi,
samaki mmoja kwa pumzi moja,
akimrusha nyuma, kapu la wakubwa, kapu la wadogo,
bila kugeuka, huku akimsema jirani.
"Hiyo nayo," akasema, "iko chumba gani?"

Nililiandika swali lake.
Nikalipigia mstari.
Hadi leo mstari upo, jibu halipo.

Kisha nikamwonyesha lile la thelathini na saba:
*Heringi, chewa, papa, shakwe:
nani si wa kundi hili?*
Mtoto alikuwa ameandika *heringi*,
amekandamiza penseli hadi karatasi ikatoboka,
na juu yake msalaba mwekundu.

Aliitazama kwa muda, kama picha ya mdogo wake.
"Lakini ni kweli," akasema.
"Watatu wanakula. Mmoja analiwa."

Sikusema kitu. Saa yangu ya mtihani ilikuwa mkononi,
nikaibonyeza, kwa kuwa ndiyo kazi niliyolipwa kuifanya.

Akafanya upya, polepole, akilowesha penseli ulimini.
Alama hamsini na moja.
Alipofika thelathini na saba aliinua macho,
akanipima mimi, kutoka viatu hadi miwani,
akaandika *shakwe*.
"Siku hizi," akasema, "najua mnachotaka."

Sitasema uongo kwa ajili ya shairi:
kwenye grafu yangu mstari upo.
Nukta kwa mamia zimeukumbatia,
aliyeng'aa utotoni mara nyingi bado anang'aa.
Nukta ya Elspet iko juu, kando, peke yake,
na kwenye taarifa nimeiita kosa la kipimo.

Usiku niliirudia karatasi ya zamani.
Nilishika kalamu karibu na ule msalaba,
alama moja tu, nani angejua?
Mkono ukasita.
Ukimpa mmoja haki yake
itabidi uwaite wote walioandika heringi,
darasa kwa darasa, pwani nzima,
na wale wa kuanzia A hadi F
uwaulize panya.

Nikakung'uta chembe za biskuti,
nikafunga katani.