Maganda

Shenyang. Theluji imelalia nyavu.
Kocha Luan Deshun anatafuna mbegu za alizeti,
maganda anayatia mfukoni.
Mkewe ndiye afuaye koti lile; kanyamaza miaka.

Zamani alikuwa beki, namba tano mgongoni,
goti la kushoto likaachwa Changchun
kwa mpira uliokwisha kutoka nje.
Ulikwisha kutoka! Hadi leo huapa.

Sasa ana filimbi, chupa ya chai,
na kijana mmoja, Bao Tielin,
anayekimbilia kila mpira uliokufa.

"Uache!" kocha anafoka.
Hauachi.
Anauteleza, anaunasa juu ya mstari,
anainuka na theluji kidevuni.

Luan analigeuzia benchi mgongo,
goti linamwasha.
Anapeleka mkono mfukoni kutafuta mbegu,
anatoa maganda,
anayatazama.