Masharti ya Ukingoni

Usiku wa tatu kompyuta imenikatalia tena.
Hatua ya mia nne na kumi na mbili
kasi ya maji ikapanda, ikapanda,
ukawa mto unaoushinda mwanga mbio,
kisha skrini ikaandika neno moja la kukiri kushindwa
na kuniachia feni ikihema chini ya meza.

Mlinganyo hauna kosa. Nimeukagua.
Ni uleule unaotawala chai ikikorogwa,
moshi wa kiwanda, upepo sikioni mwa kondoo
juu ya matuta yetu haya ya Friesland.
Maji yote yana sheria moja.
Kingo ndizo zinazoyapa jina.

Basi nagawa zamu kama mwenye shughuli:
Wewe ukuta, simama; na akugusaye asimame.
(Wanafunzi hulikataa hili. Mto mzima unakimbia,
lakini tone lililoshikana na zege halisogei,
la pili yake linasogea kidogo, kwa haya,
na hivyo hivyo hadi katikati,
ambako maji yamesahau kama kuna ukuta.)
Wewe uso wa juu, teleza utakavyo.
Wewe ingilio, niambie wanakuja kwa mwendo gani.
Wewe tokeo, usiulize mtu kitu. Waache waende.

"Hapo ndipo panapovunjika," alisema Durk,
koti bado mwilini, theluji mabegani.
"Tokeo lako liko karibu mno.
Kizingia kilicho nyuma ya nguzo hakijamaliza kuzunguka
nawe umeshakifungulia mlango. Nusu imetoka, nusu inarudi,
na hukuandika popote kinachorudi kinarudi na nini."

Nikausogeza mpaka mita mia mbili chini ya mto.
Hesabu ikatulia kama mtoto aliyeshiba.
Nikapaka rangi: buluu, kijani,
nyekundu kali kwenye nguzo ya kati.

Jumapili nikampelekea mama ile picha.
Froukje, miaka thelathini na mmoja akifungua na kufunga lango lile
kabla halijafungiwa mitambo ya kujiendesha.
Alifuta kijiko cha supu ya njegere,
akaitazama picha juu chini.
"Maji yanaingia yamenyooka hivi?"
Nimechukulia hivyo, nikasema. Kasi sawa, ukingo hadi ukingo.
"Nani kakwambia?"

Hakuna aliyeniambia.
Kulikuwa na kisanduku kitupu, nikakijaza.

Kesho yake alikuja na machungwa kumi yaliyoanza kulainika.
Tukayadondosha darajani, moja moja.
Matatu yalikwenda moja kwa moja.
Sita yakaegemea magharibi, yakiambaa na matete,
pale lilipozama tishari la tope mwaka niliozaliwa.
Hakuna aliyeliopoa. Ramani zangu hazilijui.
Mama huliita "yule" tu.
La kumi likageuka, likarudi chini yetu,
likawa linazunguka kama mtu aliyesahau funguo.

"Huyo," mama akasema. "Mwandike huyo."

Nikamwandika.
Ingilio si tarakimu moja tena, ni jedwali zima,
limepinda kama mwandiko wa mama.
Hesabu ilichukua siku tisa,
na wekundu ukahama nguzo ya kati
ukaenda ya magharibi, ambako hatukupanga kumwaga hata jiwe.

Maji ya kifuu ni bahari ya chungu, walisema wahenga.
Lakini chungu hakukikata kifuu.
Mimi nilikikata. Mto unaendelea huku na huku,
nami nilipiga mstari nikasema: dunia inaanzia hapa.
Sijutii kukata; kila hesabu hukatwa mahali.
Ila nilikuwa nimesahau kisu kiko mkononi mwangu.

Jumatano nilipita tena darajani.
Chungwa la kumi lilikuwa bado pale,
ganda limeanza kuwa jeusi,
likizunguka.