Khumusi

Foki ilifika kwa basi la usiku
imefungwa gazeti, ikavikwa gunia la sukari.
Bei yake nimeificha, hata mume wangu haijui.
Ngumbao aliifungua kwa ncha za vidole,
kama mtu anayemtoa mwenziwe mwiba.

Kibanda chake kiko Barani, ubavuni mwa mashine ya kusaga.
Unga hutua juu ya grisi, juu ya spana, juu ya kope zake.
Huyu nilimfundisha mimi, darasa la sita,
dawati la nyuma, karibu na dirisha,
na kila hesabu ya sehemu niliyompa, jibu lilikuwa nusu.
Robo ongeza thuluthi? Nusu, mwalimu.
Nusu toa nusu?
Akafikiri sana. Nusu.

Leo yeye ndiye aliyeuliza.
"Kilo ngapi, mwalimu?"
Mwanamke wa miaka arobaini na sita haulizwi hivyo mbele za watu,
na watu walishageuka; mwenye mashine alizima mota asikie.
Nikapanda mizani ya mahindi: hamsini na moja.
Ngumbao akasoma karatasi iliyobandikwa mguuni mwa foki.
Safu ya kwanza inaanzia hamsini na tano.
Waliokitengeneza chuma hiki hawakunitarajia.

"Vaa kofia. Beba mkoba. Na madaftari?"
Madaftari arobaini na mawili ya gredi ya tano,
hayajasahihishwa, na yasiyosahihishwa ndiyo mazito.
Hamsini na sita na kidogo.
Hapo karatasi ikanikubali.

Kwanza shingo. Ni ndefu, sharti ikatwe,
na chuma kikishakatwa hakiungwi kwa pole.
Nilitoa rula yangu, nikapima, nikarudia kupima,
nikatia alama ya chaki ya buluu, nikamwambia kata.
Hakukata.
Alishika msumeno, akautua, akajikuna shingo yake mwenyewe.
"Mwalimu, hujahesabu hizi pete mbili za chini ya usukani.
Nikikata hapa utaendesha umeinama, kama unatafuta senti."
Nikahesabu. Milimita ishirini.
Mashine ya kusaga ikarudi kunguruma; nikaishukuru.
Nilifuta alama kwa kidole,
nikampa yeye chaki.

Kisha upepo. Pampu ndogo, mshale unaotetemeka.
Kaa, simama, kaa tena, usirukeruke,
mkono mmoja nimeshika nguzo ya kibanda,
naye anakishusha kile kipete cheusi cha mpira mpaka chini kabisa.
Nikashuka taratibu, kama anayetoka chumba cha mtoto aliyelala.
Akapima kwa rula yangu: ishirini na nne.
Mwendo wote wa foki ni mia na ishirini.
Hakuandika popote. Hakuhesabu vidole.
"Khumusi," alisema,
neno nililoliandika ubaoni miaka kumi na minne iliyopita
nikadhani lilifutwa siku ile ile.

Chini ya mguu wa kulia kuna kifundo chekundu:
upande huu kachorwa kobe, upande ule sungura.
Ukielekea kwa kobe, foki huzama ikachelewa kuinuka,
shimo la pili likaikuta bado imepiga magoti.
Ukielekea kwa sungura hukurusha, mikono ikafa ganzi.
Akazungusha, tik, tik. Sukuma. Achia.
Mlio wa saba. Hapana, wa sita.
Mlio huo mmoja tuliubishania mpaka adhana ya alasiri.

Pesa ya kupima aliikataa.
Ya kukata aliichukua yote, akahesabu mara mbili.

Jioni nilirudi Ganda kwa njia ya nyuma:
mizizi ya mikorosho, mchanga, kile kidaraja cha magogo
ambapo siku zote hushuka nikasukuma.
Sikushuka.
Meno yangu yalitulia kinywani.

Nyumbani, kwa tochi ya simu, nimechutama kukitazama kipete.
Kimepanda mpaka mia na tatu.
Kuna shimo huko njiani lililonizamisha hivyo,
na mimi silikumbuki.