Dola Kumi na Moja

Nimeinunua Kadutu, kwa Murhula,
kati ya mafungu ya nyaya na rimoti zisizo na mwenyewe:
ampli nyeusi, kama kipande cha sabuni
kilichokwisha kufua nguo za wiki.
Alitaka kumi na mbili, nikatoa tisa,
tukakutana kumi na moja na waya juu.
"Usiitazame umbo, mama.
Hata kiroboto humwamsha mwami."

Ya baba ilikuwa sanduku.
Wanaume wawili waliipandisha ngazi za Nyamugo
wakapumzika mara tatu.
Ikiwashwa, taa za nyumba zilikonyeza,
na baada ya nusu saa juu yake palikuwa jiko:
tulianika soksi za shule, paka alizalia hapo,
na baba, kila wimbo wa pili,
aliweka kiganja mgongoni mwake
kama anayepima homa.
Siku moja umeme ulirudi kwa hasira
baada ya siku nne za kuondoka bila kuaga.
Sanduku likatoa harufu ya samaki aliyeungua.
Baba hakusema neno. Alilifunika kwa kitenge
kama tunavyofunika mtu.

Sasa hii.
Iko kando ya cherehani, kati ya chaki na sinia la vifungo,
inakula betri ya pikipiki ya shemeji.
Spika moja ilitoka kwenye mlango wa teksi iliyokufa,
ya pili kwenye televisheni ya jirani.
Hazifanani. Zinaelewana.

Nilimuuliza Murhula inawezaje,
kitu kidogo hivi, kisichotoa jasho.
Akasema haibebi sauti nzima nzima kama zile za zamani.
Inaikata. Vipande laki nne kwa sekunde,
washa, zima, washa, zima,
kisha inaviunga mlangoni pa spika
usione mshono.
Alidhani ananifundisha.
Nimekata vitambaa miaka kumi na tisa;
nguo nzuri ni vipande vilivyosahau kwamba viliachana.

Basi nashona sare za Septemba, pindo kwa pindo,
na kaseti ya baba, ambayo mwanangu aliihamishia kwenye flashi,
inaimba chinichini.
Wimbo ule nilidhani naujua.
Sikujua kuna gitaa la pili, kushoto,
dogo, linalojibu kabla ya kuulizwa,
wala kwamba karibu na kiitikio mtu anakohoa
na kiti kinalia.
Sanduku lilijaza ua mzima, majirani wakacheza,
na yule mwenye kikohozi hatukumsikia hata siku moja.

Mapendo wa nyumba ya pili alipita:
"Redio yako ina njaa? Haifiki hata mlangoni."
Kweli, haifiki. Inaishia kwenye mkasi.
Arusi haiiwezi, matanga haiyawezi,
na mvua ya hapa ikipiga bati
nangoja imalize maneno yake.
Sauti za juu zinakwaruza kidogo, sitaki kudanganya.
Kwa dola kumi na moja, nami ningekwaruza.

Jana baba alikuja kupimwa suruali.
Alisimama mikono juu, futi yangu kiunoni mwake.
Hakuuliza ni nini.
Gitaa dogo likajibu.
Akashusha mkono mmoja, polepole,
akaweka kiganja mgongoni mwa kile kipande cha sabuni.
"Haina homa," akasema.
Nikamwambia asisogee,
nimepoteza namba ya kiuno.